Kasiba Isiyo na Shahidi

Bunduki ya kale haina jina moja katika Kiswahili. Iko ya mrao, iliyowashwa kwa utambi uliokuwa ukifuka moto polepole. Na neno lenyewe linafanana mno na morrão la Kireno, lenye maana hiyo hiyo ya utambi. Iko gumegume, iliyopewa jina la jiwe ambalo liligonga chuma na kutoa cheche. Iko ya fataki, iliyozifuata hizo katika karne ya 19. Na yako majina ya korofindo na gobori, ambayo watu waliyatumia bila ya kuuliza sana moto unawashwaje. Zote hizi, pamoja na tofauti zao, ni za ukoo mmoja: ni bunduki za kushindilia, hulishwa kwa mdomo. Baruti hutangulia, ikafuata risasi au marisaa pamoja na kizibo cha kitambaa au karatasi, kisha vyote hushindiliwa kwa mdeki mpaka vikatulia chini ya kasiba. Moto ukishika, ile hewa inayozaliwa na baruti haina pa kutokea ila mdomoni. Kasiba ikiwa dhaifu, hewa hiyo hujitafutia njia nyingine, na njia hiyo aghalabu hupita mkononi au usoni mwa mpigaji.

Tena lugha yetu ina jambo la kustaajabisha. Neno gumegume, mbali na bunduki, humtaja pia mtu asiyefaa kitu, mtu wa kutegemewa akakuangusha. Sidai kuijua njia ambayo maana hizi mbili zilipitia mpaka zikakutana katika neno moja. Lakini mwenye kuisoma historia ya silaha zilizoletwa barani Afrika kwa karne mbili na zaidi hatashangaa kuzikuta zimekaa nyumba moja.

Nia ya makala haya ni kulitazama swali linaloonekana dogo. Mtu amerithi au ameokota kasiba ya bunduki ya kushindilia. Haina alama yoyote: hana jina la fundi, hana mji, hana mhuri. Atajuaje kama inafaa kutiwa baruti? Swali hili ni la fundi, lakini pia ni la mwanahistoria, kwa sababu jawabu lake limo katika kisa cha kwa nini kasiba nyingine zina alama na nyingine hazina. Na kisa hicho kinatuhusu sisi watu wa pwani zaidi ya tunavyodhani.

Tuanze na alama yenyewe. Waingereza wana neno moja linalobeba pamoja maana ya ushahidi na maana ya kujaribiwa kwa kitu mpaka kikathibiti. Mfasiri akilikuta neno hilo katika habari za bunduki hana budi kuchagua. Mimi nachagua ithibati, kwa kuwa ndani yake mna kuthibiti, yaani kusimama imara, na kuthibitisha, yaani kushuhudia. Kasiba iliyopewa ithibati ni ile iliyosimama imara mbele ya shahidi, na shahidi akaiandikia chuma chenyewe.

Ushahidi huo ulianza kuwa sheria Ulaya katika karne ya 17. Mwaka 1637 Mfalme Charles wa Kwanza aliwapa mafundi bunduki wa London hati ya kuwa chama chenye mamlaka ya kukagua na kujaribu kasiba. Mihuri yao ilikuwa miwili: herufi GP chini ya taji, kuonesha kuwa kasiba imejaribiwa na chama, na herufi V chini ya taji, kuonesha kuwa imetazamwa kwa macho. Mwaka 1672 mji wa Liège, ambao leo ni wa Ubelgiji na zama hizo ulitawaliwa na askofu, ulitoa amri kwamba kasiba zijaribiwe kabla ya kuuzwa. Birmingham, mji uliokuja kuzishinda London na nyingi nyinginezo kwa wingi wa bunduki, ulichelewa. Nyumba yake ya ithibati iliwekwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813, kwa ombi na kwa gharama za mafundi wa mji wenyewe, na tangu hapo kuuza kasiba isiyojaribiwa kukawa kosa lenye adhabu. Sheria nyingine ya mwaka 1868 ikaukaza msingi huo kwa Uingereza nzima, ikiwa na adhabu pia kwa wenye kughushi mihuri. Mwaka 1914 nchi kadhaa za Ulaya zikaunda tume ya kudumu ili zikubaliane kanuni na kuitambua mihuri ya wenzao.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi kuelezeka. Kasiba ilitiwa baruti nyingi kuliko kipimo chake cha kawaida, ikashindiliwa risasi, ikalazwa pamoja na nyingine katika chumba chenye kuta madhubuti, midomo yao ikielekea kwenye rundo la mchanga. Mlango ukafungwa, moto ukapelekwa kutoka nje. Baada ya kishindo, zilizopasuka zikawekwa kando, na zilizobaki hazikupewa mhuri papo hapo. Ziliachwa kwa muda, ili kama kuna ufa mwembamba usioonekana kwa jicho, chumvi za baruti zijipenyeze na kuchomoza nje kama jasho. Kisha mkaguzi akazitazama moja moja, nje na ndani. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba kasiba ilipimwa mara mbili: kwa moto na kwa jicho. Moto peke yake haukutosha, kwa kuwa kasiba yaweza kustahimili mshindo mmoja na papo hapo ikapata jeraha litakaloipasua katika mshindo wa kumi.

Basi alama hii ilisema nini? Ilisema kwamba hatari ya kasiba hii imekwisha kuonjwa mahali pasipo na mtu, na kwamba yuko aliyetayari kuulizwa. Hili ndilo kubwa. Kabla ya sheria, muuzaji alipokea fedha na mnunuzi akapokea hatari. Sheria ilimlazimisha muuzaji aipokee hatari kwanza, ndipo apokee fedha. Pasipo na alama, jaribio halikufutika, kwani kila kasiba lazima ijaribiwe siku moja. Lilihamishwa tu, likatoka katika chumba cha mchanga likaenda mkononi mwa mnunuzi.

Na mnunuzi huyo, mara nyingi, alikuwa Mwafrika.

Katika karne ya 18 bunduki zilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu zilizobadilishwa na watu waliouzwa utumwani Afrika Magharibi. Mwanahistoria J. E. Inikori, katika makala aliyoyatoa mwaka 1977, alikadiria kwamba baina ya 1750 na 1807 ziliingia huko bunduki kati ya 283,000 na 394,000 kila mwaka. Wako walioyaona makadirio hayo kuwa makubwa, lakini hakuna anayekana kuwa idadi ilikuwa ya kutisha. Sehemu kubwa ilitoka Birmingham, na ilitoka miaka mingi kabla ya mji huo kuwa na nyumba ya ithibati ya kisheria. Katika miaka ya 1760, Lord Shelburne, mwanasiasa aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1782, aliuzuru mji huo akaandika kwa uchungu kwamba bunduki zile za kupelekwa Afrika zilikuwa za bei ya chini mno, na kwamba zaidi ya nusu yake, kwa jinsi zilivyotengenezwa, hazikosi kumpasukia yule wa mwanzo kuzipiga.

Maneno ya Shelburne yamekaririwa sana, nasi tuyapokee kwa uangalifu. Yeye alikuwa mgeni aliyepita, hakusimama kwenye chumba cha majaribio akahesabu. Tena lau nusu ya bunduki zingepasuka mara ya kwanza, biashara isingedumu hata mwaka, seuze karne. Kwani wanunuzi wa Kiafrika hawakuwa watoto. Walichagua, walikataa, walirudisha mzigo melini. Lakini hata tukiipunguza kauli yake mara kumi, kinachobaki kinatosha. Waliozitengeneza walijua kwamba ni dhaifu, na aliyeandika aliona aibu. Wahenga wetu wamesema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bunduki mbaya ilitembezwa mbali sana, hadi palipokuwa hapana wa kumshitaki muuzaji.

Sasa tuje kwetu, upande huu wa Bahari ya Hindi, ambako biashara ya silaha ilishamiri baadaye, katika karne ya 19. Mkataba uliotiwa saini Muscat tarehe 21 Septemba 1833, baina ya Sayyid Said bin Sultan na mjumbe wa Marekani Edmund Roberts, uliwapa Wamarekani ruhusa ya kununua na kuuza katika bandari zote za Sultani. Ukaweka sharti moja lenye kuonesha wazi jinsi bidhaa hii ilivyokwisha kuwa na uzito: katika kisiwa cha Unguja, bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali peke yake, katika bandari nyingine za dola, zilikuwa huru kuuzwa. Sultani hakutaka silaha zizagae mlangoni pake, lakini hakuufunga mlango wa bara.

Kisha yakatokea mambo Ulaya yaliyoufurisha mkondo huo. Mwaka 1866, katika vita vya Sadowa, jeshi la Prussia lenye bunduki za kutilia nyuma liliwashinda Waaustria waliokuwa bado wanashindilia kwa mdeki. Tangu mwaka huo hakuna serikali kubwa iliyotaka tena kuwa na gobori katika maghala yake. Uingereza na Ufaransa zikabadilisha silaha za askari wao, na malaki ya bunduki za kushindilia zikawa takataka kwa wenyewe. Takataka hiyo ilikusanywa na wafanyabiashara, nyingine zikakarabatiwa Liège na kwingineko, na sehemu yake ikapakiwa kuelekea kwetu. Zilipanda bara pamoja na misafara, zikabadilishwa na pembe za ndovu, zikapigana vita vya watemi na vya wafanyabiashara. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza hapa Unguja, Euan-Smith, aliiarifu serikali yake kwamba kwa makadirio bunduki za kila namna baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani hii. Mwishoni mwa mwaka huo huo, vita vya Abushiri vikiwa vimewaka, merikebu za Ulaya ziliizingira pwani kuzuia silaha zisishuke na watumwa wasipande.

Halafu ukaja Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Mataifa yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa katika eneo lote la Afrika lililo baina ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya Ikweta. Bunduki nzuri chache zilizoruhusiwa, kwa wasafiri na watu wenye dhamana, zilitakiwa ziandikishwe na zitiwe alama. Lakini mlango mmoja uliachwa wazi: gumegume isiyokuwa na mifuo ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida, serikali zingeweza kuruhusu ziuzwe. Sababu zilizotajwa zilikuwa njema, kuukomesha utumwa na vita. Matokeo yake lakini yalikuwa kwamba silaha ambayo hakuna askari wa Ulaya angekubali kuibeba ndiyo iliyobaki kuwa halali ya Mwafrika. Na hiyo ndiyo maana viwanda vya Liège na Birmingham viliendelea kutengeneza bunduki za jiwe hata baada ya jiwe kusahauliwa Ulaya.

Tazama basi safari ya alama. Mbele ya Beit al-Ajaib, mjini Unguja, kwa miaka mingi imelala mizinga miwili ya shaba iliyosubuliwa zama za Wareno. Ina nembo ya ufalme wa Ureno, na ina maandishi ya Kiajemi ya waliowashinda Wareno huko Hormuz mwaka 1622. Mzinga wa mfalme haukukosa alama. Ulipewa moja na aliyeufanya na nyingine na aliyeuteka. Lakini kasiba ya mpagazi, ya mwindaji, ya mkulima aliyelinda shamba lake dhidi ya nguruwe, hiyo mara nyingi ilibaki bila ya jina.

Hapo ndipo tunarudi kwa mrithi wetu na kasiba yake. Nitaeleza sasa namna mafundi waliobobea katika silaha za baruti nyeusi wanavyoikagua kasiba ya aina hii, kwa sababu utaratibu wao wote, ukiuangalia, ni juhudi ya kulirudisha jaribio mahali lilipopaswa kufanyika tangu mwanzo: mbali na mkono wa mtu.

La kwanza kabisa si uimara. La kwanza ni kujua kama bunduki imeshindiliwa. Gobori nyingi zilitundikwa ukutani zikiwa na mzigo wake ndani, na baruti nyeusi iliyokaa mahali pakavu haifi kwa miaka mia. Fundi huingiza kijiti kirefu mdomoni taratibu mpaka kigote, akatia alama pale kinapokutana na mdomo, akakitoa na kukilaza ubavuni mwa kasiba kwa nje. Ncha ikifika kwenye tundu la moto, kasiba ni tupu. Ikiishia kabla yake kwa urefu wa vidole kadhaa, ndani mna kitu, na kitu hicho kihesabiwe kuwa baruti na risasi mpaka ithibiti kinyume chake. Hapo haipashwi moto, haitobolewi kwa keekee, haichokorwi kwa chuma. Hupelekwa kwa mjuzi au kwa wenye mamlaka.

La pili ni kuitafuta alama pale inapojificha. Mihuri ya ithibati hupigwa karibu na shina la kasiba, yaani upande wa nyuma ambako baruti hulala. Wakati mwingine juu ubavuni, wakati mwingine chini, palipofunikwa na ubao. Liège, kwa mfano, tangu mwanzo wa karne ya 19 ilitumia herufi ELG ndani ya duara refu kama yai. Kwa hiyo haijuzu kusema kasiba haina alama mpaka itolewe kwenye ubao wake na isafishwe kwa mafuta na kitambaa, si kwa msasa, kwa sababu msasa hula kutu na herufi pamoja. Na hata alama ikipatikana, isipokewe kama hati ya milele. Ilitolewa siku moja, juu ya chuma kilichokuwa kipya. Haikuahidi lolote juu ya kutu ya miaka mia moja na hamsini.

La tatu ni kutazama ndani, na ndani hapaonekani mpaka kizibo cha chuma kilichofungwa kwenye shina kifunguliwe na mjuzi. Ndipo taa ipitishwe upande mmoja na jicho liwe upande wa pili. Baruti nyeusi ni shura sehemu 75 kwa mia, makaa 15 na kiberiti 10, na inapoungua zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Hubaki kama masizi na chumvi. Chumvi hizo huvuta unyevu. Katika hewa ya pwani yetu, kasiba iliyoachwa bila ya kuoshwa kwa maji ya moto baada ya kupigwa huanza kuliwa usiku ule ule. Na hailiwi sawasawa. Huliwa zaidi shinani, palipolala baruti, na hapo ndipo palipo na msukumo mkubwa kuliko pote. Kikulacho ki nguoni mwako. Kasiba yaweza kung'aa mdomoni kama kioo huku shina lake limetoboka mashimo kama jiwe la matumbawe.

La nne ni kuutafuta uvimbe na mshono. Kasiba nyingi za kale hazikutobolewa katika kipande kizima cha chuma. Fundi alichukua ubapa wa chuma, akauzungushia kwenye fimbo, akaupasha moto na kuufua mpaka kingo zikashikana. Mshono huo, kama haukushika vyema, hubaki kuwa ufa uliofichwa. Juu ya hayo, kama bunduki iliwahi kupigwa ikiwa risasi haikufika chini mpaka kuigusa baruti, au mdomo ukiwa umezibwa na udongo, kasiba huvimba mahali fulani kama nyoka aliyemeza yai. Ukiitazama kwa kuielekeza penye mwanga, uvimbe huonekana kama pete ya kivuli ndani ya bomba. Kasiba yenye pete hiyo imekwisha kutoa ushahidi wake, nao ni wa kuikataa.

La tano ni kupima unene wa ukuta kwa kifaa, mahali pengi, hasa shinani. Kutazama mizizi ya kizibo kama ingali inang'ata. Na kutazama tundu la moto, au chuchu inayovalishwa fataki, kama halikupanuka kwa kuliwa na moto. Wako wazee wa kazi wanaoitundika kasiba kwa uzi na kuigonga, kama mnunuzi wa chungu anavyokigonga kwa kucha sokoni. Kasiba nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Sauti mbaya ni dalili ya kuaminiwa. Sauti nzuri si dalili ya kutosha. Siku hizi maabara zinaweza kuutoa ufa hadharani kwa rangi ya kupenyeza, kwa sumaku au kwa eksirei, na lau mafundi wa 1637 wangezipata nyenzo hizo wasingeziachia.

Kasiba ikifaulu hayo yote, ndipo huja jaribio la moto. Katika nchi zenye nyumba za ithibati, mwenye bunduki huipeleka huko. Ile ya London na ile ya Birmingham zinafanya kazi hiyo hadi leo. Pasipo na nyumba kama hizo, fundi mwenye idhini hufunga kasiba kwenye gogo zito, huizungushia mifuko ya mchanga, huitia mzigo uliozidi, na huivuta kwa kamba ndefu akiwa nyuma ya kinga. Kisha huirudia kuipima upya, unene kwa unene, shimo kwa shimo. Tofauti yoyote kati ya kipimo cha kwanza na cha pili ina maana kwamba chuma kimeanza kukubali kushindwa.

Kuna makosa mawili ambayo hata kasiba nzima haiwezi kuyastahimili au kuyasamehe. La kwanza ni baruti isiyo yake. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyo na moshi, ambayo ndiyo iliyo ndani ya risasi za leo. Nguvu yake si ya jamaa moja na baruti nyeusi. Mwenye kufungua risasi ya kisasa na kumimina unga wake ndani ya gobori hahitaji kasiba mbovu ili apoteze macho. La pili ni dhana kwamba bunduki ya shangwe haina hatari kwa kuwa haina risasi. Bunduki na sherehe ni jamaa wa zamani. Huko Oman milio ilisindikiza ngoma za razha na mashairi yake. Huko Morocco wapanda farasi wa tbourida, mchezo ulioingizwa na UNESCO mwaka 2021 katika orodha ya turathi za wanadamu, hupiga baruti kwa pamoja kutoka kwenye bunduki za kushindilia. Lakini baruti iliyozidi, ikazibwa kwa matambara yaliyoshindiliwa sana, huisukuma kasiba karibu kama yenye risasi. Walioitunza mila hiyo vizuri ni wale wanaotumia kasiba wanazozijua, na kipimo wasichokikiuka.

Kwetu sisi kuna la nyongeza. Magobori yanayofuliwa vichochoroni kwa mabomba ya maji na vyuma vya magari ni watoto wa historia ile ile: kasiba isiyo na fundi wa kuulizwa. Bomba la maji lilipimwa kubeba maji. Hakuna ukaguzi utakaoligeuza liwe kitu kingine, na sheria za nchi zetu haziruhusu silaha ya moto, ya urithi au ya kufua, ikae mikononi mwa mtu bila ya leseni. Mwenye nayo aipeleke polisi, naye atakuwa ameokoa mkono wake na wa mwanawe.

Sisi wapenzi wa mashairi tunaujua ukaguzi wa namna hii. Mara nyingi hutujia utungo usio na jina la mtunzi, karatasi imeliwa na mchwa, kaditama imepotea. Hatuukubali kwa sababu ni wa kale, wala hatuukatai kwa sababu hauna jina. Tunahesabu mizani kwa vidole, tunaviuliza vina, tunatazama kama maneno ni ya zama zinazodaiwa. Tofauti ni kwamba shairi likivunjika mizani halimpofui msomaji. Kwa hiyo kasiba yataka ukali zaidi kuliko tunaoutumia kwa beti.

Na yataka pia ukarimu wa kukubali jawabu la kukataa. Kasiba nyingi zisizo na alama zitakaguliwa na kuonekana hazifai, na hapo hazikupoteza thamani. Gobori lililozibwa tundu lake la moto na kuwekwa mahali linapoonekana, pamoja na habari ya lilikotoka, nani alilibeba na njia gani lilipita, ni kitabu. Linatueleza kwamba kulikuwa na sheria mbili za chuma kimoja: moja kwa mwenye kukaa karibu na nyumba ya ithibati, nyingine kwa aliye mbali nayo. Yule wa kwanza alipewa kasiba iliyokwisha kushuhudiwa. Wa pili alipewa kasiba, akaambiwa aishuhudie mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia na jicho lake la kulia, begani palipokaa kitako.

Hatuwezi kuwarudishia vidole waliovipoteza. Tunaloweza ni kuhakikisha kwamba jaribio lile halifanyiki tena katika mkono wa mtu, siku ya harusi, mbele ya watoto, kwa kuwa tu bunduki ilikuwa ya babu na babu hakusema kitu.